Toleo la Pili Nukta Moja

Usiku wa Jumanne, mvua ikichuruzika dirishani,
kamera iliniuliza kwa adabu: Sasisha sasa?
Nikabonyeza ndiyo,
kama mgeni asiyeweza kukataa chai.
Mstari wa buluu ukatambaa, tisini, tisini na tisa,
kisha ikaandika: Utulizaji wa picha umeboreshwa.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jumamosi ilikuwa arusi ya Tunu, binti wa Bi Mgeni,
ukumbini, nyuma ya stesheni ya Lincoln.
Nilimtangulia bibi arusi kinyumenyume
kama nifanyavyo mwaka wa kumi na moja huu,
magoti yamelegea, viwiko mbavuni, pumzi nimeibana.

Nyumbani, kwenye kompyuta,
kuta zinacheza kuliko wachezaji.
Kingo za picha zinavimba, zinanywea,
mithili ya jeli kwenye sahani ya mtoto.
Tunu anageuka kushoto; kamera inagoma,
inagoma,
kisha inamrukia, kama mlinzi aliyesinzia akaitwa jina.

Bi Mgeni alitazama hadi mwisho. Picha hakuzitaja.
"Baba Shekue," alisema, "umepima sukari?"

Na Shekue mwenyewe, anayesomea mambo hayo Leeds:
"Programu huboreshwa, baba, haiharibiwi.
Una miaka sitini na moja."
Mama yake alikitazama kikombe mkononi mwangu,
akakijaza nusu.
Daktari Pemberton akaninyoosha mikono,
akanihesabisha kumi kurudi moja,
akaandika neno refu, hakulisoma.

Basi nikamwendea Wojtek,
mpiga picha wa mahafali, mwenye kamera kama yangu,
asiyesasisha chochote: hata saa ya jikoni kwake
ingali inafuata majira ya kiangazi.
Tukachukua ubao wa kabati bovu, tukautoboa matundu mawili,
tukazifunga kamera ubavu kwa ubavu.
Yake ya zamani, yangu iliyoboreshwa.
Ubao niliubeba mimi.

Tukapanda Steep Hill, asubuhi, mawe yakiwa na umande.
Mikono ileile, miguu ileile, kikohozi kilekile.
Wojtek akihesabu hatua kwa Kipolandi
mpaka mia na arubaini.

Kamera yake: kilima kimetulia kama maji ya karai.
Yangu: jeli.

Nilicheka peke yangu, mtalii akanipisha njia.
Mashtaka yamefutwa! Niliwaandikia wenye kiwanda,
wakanishukuru sana,
wakauliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.
Kurudi toleo la zamani, walisema, hakuruhusiwi.
Mlango wa kuingilia tu.

Ningeishia hapo.
Lakini mpimaji hapimi nusu; na Wojtek, bila ubaya,
alisema, "Tuzime na utulizaji wa yangu, tuone mawe matupu."
Nikapanda tena.

Hapo sasa hapakuwa na msaidizi.
Mawe yaliruka kwa kila hatua, kama inavyostahili.
Ila nilipofika dukani pa peremende nikasimama kupumua,
miguu imetulia, upepo hakuna,
kibao cha duka kiliendelea kutetemeka,
kidogokidogo, harakaharaka,
kama mfuniko wa sufuria maji yanapokaribia kuchemka.

Wojtek alifunga kamba za viatu vyake, vyote viwili,
ambavyo vilikuwa vimefungwa.

Sasisho limeharibu. Naapa, na ushahidi ninao.
Lakini maharusi wote wale wa miaka yote ile,
yupi nilimshika mimi,
yupi alishikwa na kile kijidubwasha
kilichokuwa kikinisitiri bila kuniambia?

Nilimtumia Shekue zile video mbili za mwanzo.
"Samahani, baba," alijibu. "Kumbe kweli."
Ya tatu imebaki kwenye kadi, mfukoni mwa koti,
pamoja na barua ya hospitali,
Alhamisi ijayo, saa nne na robo.